Nimewakosa vyura msimu huu: je, naweza kuandika kwamba wametoweka?

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika baiolojia ya uhifadhi. Kwa misimu miwili ya mvua nimepita kwenye mabwawa manane nikiorodhesha vyura, mijusi na nyoka, na kila bwawa nimelitembelea mara moja kwa msimu. Msimu wa kwanza nilikuta aina moja ya chura katika mabwawa sita. Msimu wa pili, kati ya hayo sita, nimemkuta katika matatu tu. Je, naweza kuandika kwamba ametoweka katika mabwawa matatu? Na utafiti wa namna hii ufanyweje ili uwafae wahifadhi, usiishie kabatini?

Jibu: Hapana, bado huwezi kuandika hivyo, na sababu yake ndiyo msingi wa karibu kila jambo nitakalokueleza. Unachokijua ni kwamba hukumwona chura huyo katika mabwawa matatu siku ulipofika. Kama alikuwapo au hakuwapo, safari moja haiwezi kukuambia.

Amfibia, yaani vyura na jamaa zao, na reptilia, kama mijusi, nyoka na kasa, ni wanyama ambao miili yao hutegemea joto la mazingira, na kwa hiyo hali ya hewa ndiyo inayoamua kama watatoka au watabaki mafichoni. Chura anaweza kukaa chini ya udongo kwa miezi, akajitokeza kwa usiku chache baada ya mvua kubwa, akazaliana, kisha akarudi alikotoka. Nyoka anaweza kujikunja chini ya majani makavu hatua moja kutoka unapokanyaga na usimwone kamwe. Sesilia, wale amfibia wasio na miguu wanaoishi ardhini, hata wataalamu hupitisha miaka bila kuwaona. Mtafiti wa ndege au wa swala anaweza kufika asubuhi akahesabu anachokiona. Sisi hatuna nafasi hiyo, na mtafiti anayefanya kazi kana kwamba anayo hupata majibu yasiyo sahihi hata akifanya bidii kiasi gani.

Hebu tuchukue namba zako mwenyewe. Tuseme kwamba chura huyu, pale anapoishi, huonekana kwa uwezekano wa 0.6 katika ziara moja. Hicho ni kiwango kizuri. Spishi nyingi, yaani aina nyingi za wanyama, hazikifikii. Kwa kiwango hicho, hata kama yupo katika mabwawa yote sita, ziara moja kwa kila bwawa itakuonyesha chura katika mabwawa matatu au manne. Wewe umemkuta katika matatu. Maana yake ni kwamba matokeo yako yanaweza kuelezwa kikamilifu bila chura hata mmoja kutoweka. Aidha, hukueleza yale mabwawa mawili ambayo hukumkuta msimu wa kwanza yalikuwaje msimu wa pili. Ni muhimu kuyaangalia, kwa sababu ukifuatilia tu sehemu ulizobahatika mara ya kwanza, idadi yake haiwezi kupanda, inaweza kushuka tu, na jedwali lako litaonyesha upotevu ambao umetokana na namna ulivyochagua cha kuhesabu.

Dawa yake ni kurudia ziara ndani ya msimu uleule. Kwa uwezekano huohuo wa 0.6, ziara moja inakuacha na nafasi ya asilimia 40 ya kumkosa mnyama aliyepo. Ziara mbili zinaishusha hadi asilimia 16, tatu hadi asilimia 6 hivi, na nne hadi chini ya asilimia 3. Linganisha na nyoka ambaye uwezekano wa kumwona kwa ziara moja ni 0.1: itakubidi ufike mahali palepale mara 29 ndipo nafasi ya kumkosa ishuke chini ya asilimia 5. Ndiyo maana orodha za nyoka zilizokusanywa kwa wiki mbili au tatu hazipaswi kusomwa kama orodha za nyoka waliopo, na ningependa kuona tasnifu zikisema hivyo waziwazi katika ukurasa wa matokeo, si katika aya ya mwisho ya upungufu wa utafiti.

Kiwango hicho cha kuonekana hukikisii. Kinakadiriwa kutokana na data zako, na hapa ndipo ziara za kurudia zinapolipa gharama yake. Mwaka 2002 Darryl MacKenzie na wenzake walichapisha mbinu ya takwimu inayochukua historia ya kila eneo, kwa mfano alionekana, hakuonekana, alionekana, na kutenganisha mambo mawili ambayo orodha ya kawaida huyachanganya: uwezekano kwamba spishi ipo mahali hapo, na uwezekano wa kuiona ikiwapo. Mbinu hiyo ilipanuliwa baadaye ili ikadirie pia kasi ya spishi kutoweka katika eneo na kasi ya kurudi, kutoka msimu hadi msimu. Hilo ndilo swali lako hasa. Programu za kompyuta za kufanya hesabu hizo zinapatikana bure. Sharti lake kubwa ni kwamba hali ya bwawa isibadilike kati ya ziara za msimu mmoja, kwa hiyo ziara zipangwe karibukaribu, wakati ambapo chura huyo yuko kwenye shughuli zake za kuzaliana. Kila ziara andika joto la hewa na la maji, siku zilizopita tangu mvua ya mwisho, saa uliyoanza na kumaliza, na ni nani aliyekuwa akitazama, maana macho ya watu hayalingani.

Suala la pili ni kwamba hata pale ambapo una hakika idadi imepungua, kupungua kwenyewe si lazima kuwe habari mbaya. Vyura wanaozaliana kwenye mabwawa ya msimu hubadilika idadi kupita kiasi. Katika dimbwi moja la South Carolina, Marekani, lililozungushiwa uzio na kuhesabiwa kwa miaka 12 mfululizo, watafiti walionyesha mwaka 1991 kwamba idadi ya watoto waliofanikiwa kutoka majini ilipanda na kushuka mno kufuatana na muda ambao maji yalidumu. Mwaka wa ukame unaweza usitoe hata chura mmoja, na mwaka wa mvua nzuri ukafidia yote. Misimu miwili ni nukta mbili, na kwa nukta mbili mstari wowote utapita.

Lakini sitaki uhitimishe kwamba tahadhari ni kukaa kimya. Katika msitu wa Monteverde, Costa Rica, mwaka 1987 vyura wa dhahabu zaidi ya 1,500 walionekana wakikusanyika kuzaliana. Mwaka 1989 akaonekana mmoja, na tangu hapo hakuna aliyeonekana tena; mwaka 2004 spishi hiyo iliorodheshwa kuwa imetoweka duniani. Kulikuwa na hoja nzito wakati huo kwamba labda walikuwa wamejificha wakingoja mvua, na hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi. Kwa maoni yangu, funzo lake ni kwamba mtafiti anapaswa kuripoti mashaka yake mapema, akiyapa kipimo. Usiseme "wametoweka", wala usiseme "hakuna ushahidi". Sema kwamba baada ya ziara nne zilizofanywa katika hali nzuri, uwezekano wa kumkosa chura huyu kama angalipo ni asilimia kadhaa, kisha utaje ni nini kinachopaswa kufanywa mara moja ili kupata uhakika zaidi. Mhifadhi anaweza kufanya uamuzi kwa taarifa ya namna hiyo.

Uzito wa suala hili si wa kutia chumvi. Tathmini ya kimataifa iliyochapishwa mwaka 2023 ilikuta takriban asilimia 41 ya spishi za amfibia ziko hatarini kutoweka, na ile ya reptilia ya mwaka 2022 ilikuta takriban asilimia 21. Hakuna kundi lingine la wanyama wenye uti wa mgongo lililo katika hatari kama amfibia. Miongoni mwa sababu ni kuvu ya kitridi, Batrachochytrium dendrobatidis, iliyopewa jina la kisayansi mwaka 1999. Amfibia hunywa na kwa sehemu hupumua kwa ngozi. Kuvu hiyo inapoivamia ngozi, madini ya sodiamu na potasiamu hupungua katika damu mpaka moyo unasimama. Uchambuzi wa mwaka 2019 uliihusisha na kupungua kwa spishi zisizopungua 501, ambapo 90 kati yake zilidhaniwa kuwa zimekwisha kutoweka.

Ukishajua kwamba idadi inapungua, inabaki kujua kwa nini, na hapa tafiti nyingi hukwama. Chukua mfano wa chura wa Kihansi, Nectophrynoides asperginis, aliyegunduliwa mwaka 1996 katika korongo la mto Kihansi kwenye milima ya Udzungwa, Tanzania. Aliishi katika eneo dogo mno lililoloweshwa na manyunyu ya maporomoko, na jike wake huzaa watoto walio hai badala ya kutaga. Mradi wa umeme ulipoanza kuyaelekeza maji kwingine, manyunyu yakapungua. Mitambo ya kunyunyiza maji ikawekwa ili kuyafidia. Kisha mwaka 2003 idadi ya vyura ikaporomoka ghafla na kuvu ya kitridi ikagundulika. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini, na mwaka 2012 vyura waliotokana na vizazi vilivyolelewa katika bustani za wanyama za Bronx na Toledo nchini Marekani wakaanza kurudishwa korongoni. Mabadiliko ya makazi na ugonjwa vilifuatana kwa karibu kiasi kwamba kuyapima mchango wa kila kimoja ni kazi ngumu, ingawa chura huyu alifuatiliwa kuliko amfibia wengi wa Afrika.

Kwa hiyo usiyatafute maelezo baada ya tukio. Panga utafiti wako uwe na maeneo yaliyoguswa na yasiyoguswa, na vipimo vya kabla na vya baada, kwa kila sababu unayoishuku. Kama hofu yako ni viuatilifu vya mashambani, chagua mabwawa yaliyo karibu na mashamba na yaliyo mbali, yakilingana kwa ukubwa, kina na muda wa kukaa na maji. Kama ni ugonjwa, pangusa ngozi za vyura kwa kijiti chenye pamba tangu msimu wa kwanza, hata kama wote wanaonekana wazima, kwa sababu sampuli ya kabla haiwezi kuchukuliwa baadaye. Thamani ya kumbukumbu za kabla ilionekana huko El Copé, Panama. Kuvu ilifika mwaka 2004 na kuua vyura kwa wingi, na kwa kuwa watafiti walikuwa tayari wana miaka ya kumbukumbu za nyoka, waliweza kuonyesha mwaka 2020 kwamba jamii ya nyoka nayo ilipungua baada ya chakula chao kutoweka. Wengi wa nyoka hao walionekana mara chache sana, na bila takwimu zinazozingatia uwezekano wa kuonekana, jambo hilo lisingejulikana.

Sasa nije kwenye sehemu ya pili ya swali lako, ambayo naiona nzito zaidi. Utafiti huishia kabatini mara nyingi si kwa sababu ni mbaya, bali kwa sababu haukuanza na uamuzi wa mtu yeyote. Kabla ya kupanga ziara, uliza ni nani mwenye mamlaka juu ya mabwawa hayo na ni jambo gani analoweza kulibadilisha: je, anaweza kuzuia mifugo kuingia, kuondoa samaki waliopandwa, kuacha ukanda wa mimea pembeni, au kuhamisha barabara? Kisha buni swali ambalo jibu lake litamfanya achague moja badala ya jingine. Ukiona kwamba jibu lolote utakalopata halitabadilisha hatua yake, badilisha swali.

Mfano ninaoupenda ni wa kasa wa baharini aitwaye duvi, Caretta caretta, wa kusini mashariki mwa Marekani. Kwa muda mrefu nguvu kubwa ilielekezwa kulinda mayai fukweni, jambo lenye mantiki na lenye kugusa moyo. Mwaka 1987 Deborah Crouse, Larry Crowder na Hal Caswell walichapisha hesabu iliyogawa maisha ya duvi katika hatua na kuuliza ni hatua gani ikiboreshwa itaongeza idadi zaidi. Ilionekana kwamba hata kama mayai yote yangenusurika, idadi ingeendelea kushuka, ilhali kupunguza vifo vya kasa wakubwa ambao hawajakomaa kungebadilisha mwelekeo. Vifo hivyo vilitokea kwa wingi katika nyavu za kukokota za wavuvi wa kamba, na hesabu hiyo ikawa hoja kubwa ya kutaka nyavu hizo zifungwe kifaa kinachomfungulia kasa njia ya kutokea. Hawakuhesabu kasa wengi kuliko wenzao. Waliuliza swali ambalo jibu lake lilielekeza mkono wa sheria mahali pa kugusa. Na wewe pia, kabla ya kudhani kwamba tatizo liko kwenye mayai na viluwiluwi kwa sababu tu ndio wanaoonekana kirahisi, fikiria kwamba vyura wakubwa hutumia sehemu kubwa ya mwaka nchi kavu, mbali na bwawa unalolihesabu.

Kuhusu mbinu za uwandani nitakuwa mfupi, kwani mwongozo haukosekani. Vyura wengi hupatikana vizuri zaidi usiku, kwa kusikiliza milio ya madume na kutafuta kwa tochi ya kichwani. Vinasa sauti vinavyojiwasha vyenyewe hukupa usiku ambazo usingeweza kuwapo. Mijusi na nyoka hunaswa kwa uzio mfupi unaowaelekeza kwenye ndoo zilizofukiwa ardhini, au hukutwa chini ya vipande vya bati na mbao ulivyovilaza wiki kadhaa kabla. Ndoo hizo lazima zikaguliwe kila siku, mapema asubuhi, na zifunikwe kabisa siku ambazo hutafika. Mnyama anayekufa kwa jua ndani ya mtego wako ni kifo ulichokisababisha wewe. Uchunguzi wa DNA iliyomo majini, yaani chembe za urithi ambazo wanyama huziacha humo, uliojaribiwa kwa mafanikio nchini Ufaransa mwaka 2008 kumtafuta chura mgeni kutoka Marekani, ni msaada mkubwa kwa spishi adimu, ila unakuambia kwamba mnyama yupo au alikuwapo karibuni, haukuambii wako wangapi wala kama wanazaliana. Kwa nyoka wenye sumu, usiende peke yako, vaa viatu virefu vigumu, na ujue hospitali ipi iliyo karibu ina dawa ya sumu kabla hujatoka nyumbani.

Kuna mawili ambayo sitaki uyapite haraka. La kwanza ni usafi. Mtafiti anayetoka bwawa moja kwenda jingine na viatu vyenye matope anaweza kuwa ndiye mbebaji wa ugonjwa anaouchunguza. Sugua matope yote kwanza, kisha tumia dawa ya klorini au kausha vifaa kabisa kabla ya kuingia bwawa linalofuata, na badilisha glavu kwa kila mnyama. Kwa viluwiluwi, fahamu kwamba baadhi ya glavu zina kemikali zinazowadhuru, kwa hiyo zisuuze vizuri kwa maji safi au mshike kiluwiluwi kwa chombo. Vilevile, usikate vidole vya vyura ili kuwatambua kama kuna njia nyingine. Spishi nyingi zina mabaka ya mwilini yanayotofautiana kwa kila mnyama, na picha nzuri ya mgongo au tumbo inatosha kumjua atakaporudi. Ni njia inayotaka subira ya kupanga picha, na ni subira inayostahili.

La pili ni siri ya mahali. Mjusi wa China aitwaye Goniurosaurus luii alielezwa kisayansi mwaka 1999, na salamanda (amfibia mwenye mkia) wa Laos, ambaye leo anaitwa Laotriton laoensis, mwaka 2002. Wote wawili walifuatwa na wafanyabiashara wa wanyama wa kufuga waliotumia maelezo ya wanasayansi kuwapata. Kama spishi yako inapendeza kwa rangi au ni adimu, katika chapisho la wazi taja eneo pana tu, bila jina la bwawa, na uondoe viratibu, yaani namba zinazoonyesha mahali, vilivyofichika ndani ya picha za simu. Viratibu kamili vikabidhi kwa mamlaka ya wanyamapori iliyokupa kibali na kwa makumbusho yanayohifadhi sampuli zako, kwa masharti ya maandishi kuhusu nani ataviona. Pamoja navyo kabidhi kumbukumbu za kila ziara, zikiwamo zile ambazo hukuona mnyama yeyote, zikiwa na tarehe, saa na hali ya hewa, ili atakayerudi kwenye mabwawa hayo miaka 10 ijayo aweze kuzilinganisha na zake.